Kama Jana

Siku ambayo baraza lilikuwa linakuja, Mama Funguo aliingia wodini saa moja na nusu asubuhi, mapema kuliko zamu yake, na kilichomleta si bidii ya kazi. Alikuwa na neno jema la kumwambia mgonjwa. Kwa muuguzi aliyekula miaka ishirini na sita katika wodi ya wanawake wagonjwa wa akili, maneno mema hayaji kila Jumanne. Alitaka kumwambia Mwalimu afungashe virago vyake, leo anakwenda nyumbani.

Alifungua mlango wa kwanza, akaufunga. Akafungua wa pili, akaufunga. Funguo kumi na moja zilikuwa zinaning'inia kiunoni mwake, na ndizo zilizompa jina. Hata wagonjwa waliokuwa hawajui ni mwezi gani walijua sauti ya zile funguo. Dirishani, pale pale pa siku zote, alikuwa amesimama Bibi Dirisha, shavu la kushoto kaligandamiza kwenye chuma cha dirisha, anaguna kwa sauti ya chini kama mtu anayebembeleza mtoto. Huyo alikuwa mkaaji wa zamani. Ukimgusa uso anakupiga, kwa hiyo watu walishajifunza kumzunguka.

"Bibi, za asubuhi," alisema Mama Funguo akipita, na hakusimama kusubiri jibu.

Mwalimu alikuwa kitanda cha tisa. Huko nje alifundisha hesabu darasa la sita, na humu ndani hakuacha. Mabinti wa vitanda vya jirani alikuwa anawafundisha kugawanya kwa kutumia vipande vya mkate. Ukimwona sasa, kitanda kimetandikwa, nywele zimesukwa, huwezi kuamini alivyoletwa wiki tatu nyuma. Alikuwa hajalala siku tisa. Alikuwa amewafungia chumbani watoto wawili wa kaka yake na kuziba kila upenyo kwa magazeti, akisema hewa ya nje imetiwa sumu. Kaka mtu, fundi wa milango ya chuma, ilimbidi akate bawaba za mlango alioutengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Watu wanne walimbeba mpaka wodini, na Mama Funguo alipomsogelea na sindano, Mwalimu alimuuma mkono mpaka damu ikatoka. Kovu lilikuwa bado lipo, chini ya saa.

Lakini hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Baadaye alilala. Kisha akaomba sabuni, kisha akaomba msamaha, kisha akawa anameza vidonge vyake bila kusukumwa na kufungua mdomo mwenyewe kuonyesha kwamba vimeshuka. Mtu amepona hivyo, au angalau amepata nafuu ya kutosha, unataka nini tena?

Sheria ya pale ilikuwa hivi: mtu akiletwa kwa nguvu kwa saini ya ndugu yake, hospitali inaruhusiwa kukaa naye siku ishirini na moja. Zikiisha, baraza la watu watatu linaketi. Ama aende nyumbani, ama abaki miezi sita, na akibaki, baraza linaweza kuamua atibiwe vipi hata kama mwenyewe hataki. Baraza lilikuwa linaketi saa nne.

Kabla ya kumpa habari hiyo, Mama Funguo alivuta faili la Mwalimu kwenye kabati ili alipange vizuri, na karatasi ya juu kabisa ilikuwa fomu ya Daktari. Aliisoma akiwa amesimama. Halafu akakaa, akaisoma tena. Daktari alikuwa anaomba mgonjwa ashikiliwe miezi sita. Alikuwa anaomba pia apewe matibabu ya umeme, ule unaopitishwa kichwani, bila ridhaa yake. Sababu: siku ishirini na moja za dawa, hakuna mabadiliko.

Jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba faili limechanganywa. Alitazama namba, ikawa yenyewe. Akafunua ndani.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mwandiko wake, umejaa mpaka pembezoni: mgonjwa anapiga kelele, anadai hewa ina sumu, amekataa dawa, amemuuma muuguzi, ni hatari kwake na kwa wengine. Ukurasa wa pili ulikuwa na tarehe na maneno mawili. *Kama jana.* Wa tatu, kama jana. Wa nne, kama jana. Miandiko ilikuwa minne tofauti, kalamu mara ya bluu mara nyeusi, na maneno yalikuwa yale yale mpaka jana yenyewe.

Sasa, hii "kama jana" haikuzuka tu. Ililetwa na mtu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa amekaa pale na faili mapajani. Miaka kumi na minne nyuma wodi ya vitanda ishirini ilikuwa na wagonjwa arobaini na watatu na wauguzi wawili, na bado ofisi ilitaka kila mgonjwa aandikwe kila siku. Mama Funguo akagundua njia. Kama hakuna aliyevunja kitu wala kujiumiza, unasubiri muda wa chai, unapanga mafaili yote mezani, na unayapiga kama jana moja baada ya jingine, kwa mkupuo, bila hata kunyanyuka kwenda kumtazama mtu. Dakika kumi umemaliza. Wagonjwa walipungua, wauguzi wakaongezeka, lakini njia ikabaki. Kila muuguzi mpya aliyefika alionyeshwa siku ya kwanza choo kilipo, sindano zinapokaa, na namna ya kuandika. Mama Funguo alikuwa anafundisha kwa madaha kabisa.

Alichukua faili akaenda nalo kwa Daktari.

Daktari alikuwa mtu mwema, na hilo lazima lisemwe, maana ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Alikuwa na wodi tatu na kliniki mbili, na chai yake ilikuwa inapoa mezani kila asubuhi bila kunywewa.

"Daktari, hii fomu ya kitanda cha tisa. Yule mgonjwa amepata nafuu."

"Nani kasema, Mama?"

"Mimi nasema. Namwona kila siku."

"Basi wewe unayemwona kila siku umeandika nini?" Hakusema kwa ubaya. "Mimi namwona dakika tano kwa wiki. Daftari linamwona usiku na mchana. Nikiongeza dawa natazama daftari, nikipunguza natazama daftari. Limeniambia hakuna mabadiliko, nikaongeza. Likaniambia tena hakuna mabadiliko, nikaongeza tena."

Kwa hiyo hata dozi ilikuwa imepandishwa kwa maneno yale mawili.

"Na ulipomwona mwenyewe?"

"Wiki iliyopita nimemkuta amesimama juu ya kitanda anahutubia."

"Alikuwa anafundisha kugawanya. Wa nyuma walikuwa hawamwoni."

Daktari alitaka kucheka, akajizuia. "Nikamuuliza, unaumwa? Akasema haumwi. Sasa mtu yuko humu anasema haumwi, mimi nimeandika hatambui ugonjwa wake. Ndivyo tulivyofundishwa. Na umeme siyo adhabu, Mama. Mgonjwa analazwa usingizi, hasikii kitu. Wewe mwenyewe umeona watu walioamshwa nao."

Ni kweli alikuwa ameona. Alimkumbuka mama mmoja aliyekaa miezi haongei wala hali, na baada ya mara ya nne ya umeme akafumbua macho akaomba chai. Mama Funguo alilia siku ile. Hakuwa na ugomvi na umeme.

"Yule hakuweza kusema ndiyo wala hapana," alisema. "Huyu anasema hapana, na sababu anakupa."

"Kwenye karatasi huyu anauma watu." Daktari alisukuma kikombe pembeni. "Mama, nikuulize kama mwanao. Unataka baraza liambiwe daftari la wodi ni la uongo? Ni lako hilo. Watakuuliza wewe, siyo mimi. Umebakiza muda gani ustaafu?"

"Miezi mitano."

"Basi," alisema Daktari, na akavuta faili jingine.

Mama Funguo alirudi wodini na faili. Chumba cha wauguzi kilikuwa na Chapchap, muuguzi wa pili, mama wa watoto watatu aliyeitwa hivyo kwa sababu hata salamu alikuwa anaikimbiza. Chapchap alilitazama faili, akamtazama mkubwa wake usoni, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Tunaandika upya," alisema. "Karatasi tupu zipo. Saa mbili na nusu hii, baraza saa nne. Mimi nachukua kuanzia siku ya kumi na moja, wewe maliza za mwanzo. Tunachomoa hizi, tunabandika zile, kwisha habari."

"Huo ni uongo mwingine."

"Uongo gani, Mama? Si amepona? Tunaandika kwamba amepona. Tunaandika ukweli, ila tumechelewa kidogo."

Na Mama Funguo, tusimsafishe, alifunga mlango kwa ufunguo na kukaa. Alichukua karatasi tupu, akaandika tarehe ya siku ya pili. *Mgonjwa bado anahangaika, amekunywa uji nusu kikombe.* Alikuwa anaikumbuka siku ya pili kwa sababu mkono ulikuwa unamuuma. Siku ya tatu aliiandika kwa kusitasita. Ya nne, kalamu ikasimama.

"Siku ya nne alikula?"

"Andika alikula. Nani hali?"

"Alilala?"

"Andika alilala vizuri."

"Chapchap, siku ya nne mimi nilikuwa zamu. Sikumbuki hata kama nilimwona."

"Basi andika alikuwa mtulivu, Mama, muda unakwenda."

Aliandika *mtulivu*. Alilitazama neno lile. Lilikuwa neno zuri, na mkono wake ulikuwa umeliandika vile vile ulivyokuwa unaandika kama jana, kwa haraka, kwenye meza, bila kumtazama mtu. Chapchap alikuwa ameshafika siku ya kumi na tano, na mgonjwa wake alikuwa anatabasamu na kushukuru. Ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyejua Mwalimu aliishije siku zile. Mama Funguo alizikusanya karatasi zote mpya, zake na za mwenzake, akazichana.

"Utatufukuzisha kazi," alisema Chapchap, na safari hii alisema polepole.

"Wewe nilikufundisha mimi. Nitasema hivyo."

Mwalimu alikuwa amekaa kitandani amevaa gauni aliloletewa na wifi yake, mikono kaikalia. Alisikia funguo, akainua macho. Mama Funguo alikuwa amejiandaa kuzunguka zunguka, lakini alipofika alijikuta anasema yote kwa mara moja: fomu, miezi sita, umeme, ukurasa wa kwanza, na zile kurasa ishirini zinazofuata.

Mwalimu hakupiga kelele.

"Kuna siku nilikuomba umwambie Daktari kwamba vidonge vipya vinanitetemesha mikono," alisema. "Nilikuomba mara mbili. Mara zote mbili uliniambia umeandika."

"Nilikuambia."

"Uliandika nini?"

"Kama jana."

Mwalimu alitoa mikono chini ya mapaja akaiweka magotini. Ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye baridi. "Sasa nitakwenda na hii mbele yao. Nikieleza kwa hasira, wataandika nina hasira. Nikilia, naumwa. Nikinyamaza, nimejifungia ndani ya nafsi yangu. Hebu niambie, Mama, wewe uliyekaa humu miaka yote, mtu mwenye akili timamu anakaaje kwenye kiti?"

Mama Funguo alikuwa amewapeleka watu mbele ya baraza mara nyingi, amewachana nywele na kuwafunga vifungo, na swali hilo halijawahi kumpitia kichwani. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopandisha moto masikioni.

"Mtoto akinijazia daftari bila kufanya hesabu," alisema Mwalimu, "simchapi. Namwambia aje mbele afanye ubaoni, wenzake wakimtazama."

"Nimekusikia," alisema Mama Funguo.

Baraza liliketi kwenye chumba cha mikutano, chenye meza ndefu, maua ya plastiki yenye vumbi na saa ya ukutani iliyosimama saa sita tangu mwaka aujuao Mungu. Mwenyekiti alikuwa mwanasheria, mwanamke mwenye miwani aliyeivua kila alipotaka kumtazama mtu vizuri. Kulia kwake alikaa daktari mzee kutoka hospitali nyingine, kushoto mstaafu mmoja wa posta aliyewakilisha raia. Mwalimu aliketishwa upande wa pili, na kaka yake aliketi viti viwili mbali naye. Mama Funguo, kwa mujibu wa taratibu, alisimama mlangoni na funguo zake. Kazi yake pale ilikuwa kuleta na kurudisha mgonjwa. Hakuna aliyemuuliza kitu, na kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kaka alianza. Mikono yake ilikuwa na madoa ya cheche za kuchomelea, na alikuwa anaitazama wakati anaongea.

"Nampenda dada yangu. Yeye ndiye aliyenilipia shule. Lakini wanangu mpaka leo hawakubali mlango ufungwe. Kila mlango, hata wa choo. Mkiniambia amepona namchukua leo hii. Mkiniambia bado, naomba mmtibu kwa chochote kinachotibu. Mimi siyo daktari. Nitaamini mtakachosema."

Hapo hata Mwalimu aliinamisha kichwa. Daktari akasoma ombi lake, kwa sauti ya mtu anayesoma la saba tangu Jumatatu. Mwenyekiti akafunua faili na kuanza kupitia kurasa, na kwa kuwa alikuwa mtu makini, alizisoma kwa sauti.

"Siku ya kwanza, amemuuma muuguzi, amekataa dawa. Siku ya pili, kama jana. Siku ya tatu, kama jana." Aliendelea hivyo mpaka mwisho, hakuruka hata moja. Kwa Mama Funguo kila moja ilikuwa inaingia kama sindano butu.

"Mwalimu," alisema mwenyekiti, "una la kusema?"

"Nilikuwa mgonjwa sana nilipokuja. Niliwatisha watoto, na nitaishi na hilo. Sasa nina nafuu. Dawa nakunywa. Umeme siutaki, kwa sababu kazi yangu ni kumbukumbu, na nimeambiwa unaweza kuigusa. Nikizidiwa tena siku nyingine, niulizwe siku hiyo."

Alisema vizuri. Lakini mikono ilikuwa inaruka juu ya magoti yake, na macho ya wote watatu yalikuwa kwenye mikono.

"Huku kutetemeka kumeanza lini?" aliuliza daktari mzee.

"Dawa zilipoongezwa. Nilisema."

Mwenyekiti alirudisha kurasa nyuma, akazipeleka mbele. "Humu hakuna."

"Nilisema," alirudia Mwalimu, na sauti ikapanda kidogo, kidogo tu, na mstaafu wa posta akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Hapo Mama Funguo aliona jambo zima linavyokwenda. Baada ya dakika tano watamshukuru Mwalimu, watamwambia asubiri nje, na atarudi kitanda cha tisa akiwa na karatasi ya miezi sita. Alipiga hatua kutoka mlangoni. Funguo zililia, na wote wakageuka.

"Alisema," alisema Mama Funguo. "Aliniambia mimi, mara mbili. Sikuandika."

"Wewe ni nani?" aliuliza mwenyekiti, na akavua miwani.

"Mkuu wa wodi. Hizo kurasa ishirini hazijaandikwa na mtu aliyemtazama mgonjwa. Tunaziandika mezani, wakati wa chai, mafaili yote kwa mara moja. Asipovunja kitu, tunaandika hivyo. Ni mimi niliyeanzisha, na hao wengine nimewafundisha mimi. Asubuhi hii nilijaribu kuziandika upya zionekane nzuri, nikashindwa, kwa sababu sijui alikuwaje. Ninachojua ni kwamba dawa anakunywa, amelala, amekula, ametuomba msamaha." Alisukuma saa juu ya mkono, kovu likaonekana. "Hii hapa ni ya siku ya kwanza. Ukurasa ule tu ndio wa kweli, na niliuandika nikiwa na hasira."

Daktari alikuwa anaitazama meza. Kaka mtu alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Kwa hiyo mimi nimwamini nani?" alisema. Hakuwa anamuuliza mtu mmoja. "Nilimleta kwa mkono wangu. Nikasaini. Nikajua humu kuna watu wanamtazama."

Mama Funguo alikuwa tayari kwa karipio la mwenyekiti. Hakuwa tayari kwa swali hilo.

"Unaelewa maana ya uliyosema?" aliuliza mwenyekiti. "Kwako wewe binafsi?"

"Naelewa."

Waliambiwa watoke nje, wakarudi baada ya nusu saa. Umeme, hapana. Miezi sita, hapana. Daktari mzee angempima Mwalimu mwenyewe na kupunguza dawa, na Mwalimu, kama anakubali kwa hiari yake, angekaa wiki moja zaidi mlango ukiwa wazi, kisha aende nyumbani. Mwalimu alisema anakubali. Alisema pia kwamba angependa neno hiari liandikwe, na asomewe, na akasomewa. Kaka yake alisogea viti viwili. Hawakushikana mikono wala nini, lakini alisogea.

"Swali la mwisho kwa mkuu wa wodi," alisema mwenyekiti. "Wodi ina wagonjwa wangapi walioandikwa hivi?"

"Wote. Kumi na wanane."

"Mafaili yote yaje ofisini kwangu. Na wewe utasimamishwa kazi kuanzia saa nane mchana, mpaka uchunguzi uishe. Kabidhi funguo."

Alirudi wodini saa saba kasoro. Habari zilikuwa zimemtangulia. Chapchap alikuwa anayapanga mafaili kwenye boksi, macho mekundu. Mama Funguo alisaidia kupanga. Yale membamba yaliingia kwanza. La mwisho lilikuwa nene, limefungwa kwa uzi kwa sababu kamba yake ilikatika zamani. La Bibi Dirisha. Alilifungua katikati, akafunua mbele, akafunua nyuma. Miaka sita, siku baada ya siku, maneno mawili.

Hakuliweka kwenye boksi. Alilichukua, akachukua kalamu na kiti cha mbao, akaenda dirishani. Bibi alikuwa pale pale, shavu kwenye chuma, anaguna. Mama Funguo alikaa karibu naye, na safari hii hakuongea akipita.

"Bibi, leo umeamkaje?"

Bibi hakugeuka. Mama Funguo akasubiri. Kusubiri kulikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani. Mkono ulikuwa unamwasha kuandika na kuondoka. Akauliza tena. Mguno ukakatika.

"Unaniuliza mimi?"

"Wewe."

Bibi alitoa shavu kwenye chuma taratibu. Sasa, kwa mara ya kwanza baada ya muda asioujua, Mama Funguo aliuona uso wote kwa mwanga, na upande wa kushoto ulikuwa umevimba.

"Jino," alisema Bibi.

Alifungua mdomo mwenyewe. Huko nyuma kabisa, juu, fizi ilikuwa nyekundu na ina usaha, na harufu yake ilimfanya muuguzi wa miaka ishirini na sita ageuke pembeni. Chuma cha dirisha asubuhi kilikuwa cha baridi. Ndiyo hayo tu. Mtu alikuwa anatafuta baridi ya kuweka shavuni, na aliyemgusa alipigwa kwa sababu alimgusa penye kidonda.

"Limeanza lini?"

Bibi alifikiri. "Yule binti wa kitanda cha tatu alipojifungua."

Yule binti alishaondoka. Mtoto wake aliletwa kutembea wodini mwezi uliopita, na alikuwa anakimbia huku na huku akivuta shuka za watu.

"Mbona hukusema, Bibi?"

Bibi Dirisha alimtazama vizuri, kama mtu anayetaka kuhakikisha anaongea na yule yule.

"Nilikuambia," alisema. "Ukasema umeandika."

Chapchap alikuwa amefika nyuma yao, mkono ameunyoosha kupokea funguo, na saa nane ilikuwa imebakiza dakika chache. Mama Funguo alimwambia angoje. Machozi yalikuwa yanadondokea karatasi, akayapangusa kwa kiganja ili wino usichafuke, akaandika tarehe, na chini yake: *Jino la nyuma, juu kushoto, limeoza. Linamuuma mwaka wa pili. Alisema.* Akaweka saini, akavua funguo, akamkabidhi Chapchap pamoja na faili, na kumwambia ampigie daktari wa meno kabla hajafanya kitu kingine chochote.